Klachi ya Bw. Stanley na Jina la Fundi Mazengo

UMOJA WA WENYE MAGARI YA DIZELI, NJIA YA DODOMA–BAHI

Kikao cha Kamati, Jumamosi 14 Mei 1994, barazani kwa Mwenyekiti. Kiliitishwa saa 3:00 asubuhi, kikaanza saa 4:20.

Waliohudhuria: Bw. Abdulnasiri Shaibu (Mwenyekiti), Bi. Restuta Mlewa (Katibu), Bi. Khairat Rahimu na Bw. Stanley Chibago (Wajumbe).
Mwalikwa: Fundi Mazengo.
Asiyehudhuria: Bw. Hasani, bila udhuru, kama desturi yake.

KUMB. NA. 1/5/94: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA APRILI
Katibu alisoma. Alipofika kwenye sentensi isemayo "Fundi Mazengo alichukua klachi pleti mpya ya Bw. Stanley akafunga kuukuu", fundi aliomba isithibitishwe. Alieleza kwamba tangu iandikwe hajaletewa gari hata moja, na stendi wanamwita mwizi.

Bw. Stanley alishikilia kwamba pikapu yake inatetemeka kila inapoondoka, na haikuwa hivyo kabla ya fundi kuigusa. Bi. Khairat aliuliza kama hakuna mwingine aliyeigusa. Bw. Stanley alijibu kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda. Mwenyekiti aliliingiza.

Ndipo Bw. Stanley alipoeleza kwamba baada ya matengenezo alikaza mwenyewe skrubu ya pampu ya dizeli, gari lipate nguvu kwenye tope la Bahi. Injini ikawa inanguruma hata gari likiwa limesimama, basi akaishusha kwa skrubu ya pili mpaka ikatulia.

Fundi alisema: "Haikutulia, Mzee Stanley. Ilikuwa inakaribia kuzima. Injini yenyewe inatikisika, klachi inapokea tu."

KUMB. NA. 2/5/94: JARIBIO
Kikao kilihamia barabarani. Mwenyekiti aliondoa gari, likatetemeka mpaka kofia ikamshukia machoni. Fundi alirudisha skrubu zote mbili mahali pake, klachi hakuigusa. Mwenyekiti aliondoka tena na kofia haikusogea. Alikwenda hadi relini akarudi, bila haja yoyote.

KUMB. NA. 3/5/94: MAREKEBISHO
Bw. Stanley alishauri kwamba yaliyopita yasiandikwe. Katibu alisema sentensi ile aliiandika yeye bila kumuuliza fundi, anaona aibu, na hataiacha ibaki. Ilikubaliwa isomeke: "Fundi Mazengo alifunga pleti mpya. Kosa lilikuwa la mwenye gari." Bw. Stanley aliafiki na kumwomba fundi radhi.

Fundi aliomba isomwe kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kwa kuwa madereva walikuwa wamejaa nje wakitazama. Ilisomwa mara mbili.

KUMB. NA. 4/5/94: KUFUNGA
Kikao kilikwisha saa 6:10 mchana. Fundi aliomba naye atie sahihi. Katiba hairuhusu mwalikwa kutia sahihi. Alitia.

A. Shaibu, Mwenyekiti
R. Mlewa, Katibu
Mazengo, fundi