Manifoldi ya Tatu Imefika Shighatini

Baba, shikamoo.

Nimesubiri marahaba yako, kalamu mkononi. Basi, naendelea tu.

Matanga yameisha, viti vya kanisa vimerudishwa. Matangani sikulia, Baba. Tangu siku ile niliposhika mkono wako ukiwa wa baridi nimekuwa gogo. Nakula nikiambiwa kula. Mama ananiangalia kama mgonjwa.

Baba mdogo alitaka shedi yetu ya ufundi iuzwe. Alisema zamani tuliyeyusha na kusubu vyuma kwa sababu madukani hamkuwa na kitu, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Sasa hapa Same spea za Dubai zimejaa hadi barazani, nani atataka manifoldi ya kienyeji ya kulishia injini? Nikamwambia hakuna duka lenye manifoldi ya Datsani ya mashindano kama ya yule mteja wetu wa Moshi. Akacheka. "Hiyo ya tatu hata baba yako hakuiona ikifanya kazi." Hapo alisema kweli. Tuliipiga tupa pamoja, ukaugua kabla hatujaifunga. Tukakubaliana: gari la mteja likipanda mlima nayo hadi Shighatini bila kukohoa, shedi inabaki.

Unakumbuka ya kwanza, tulipoyeyusha masufuria ya Mama? Injini ilipopata moto ikapinda kama ndala iliyoachwa juani. "Aluminiamu ya sufuria ni ya ugali, ya pistoni ndiyo ya injini," ukasema, masufuria yameshakwisha! Mama akawa anapikia kwenye debe huku akitusema. Ya pili tukaisubu kwa pistoni chakavu, lakini yale matawi ya kupeleka hewa na petroli kwenye silinda yalikuwa mafupi. Gari likafa kwenye kona ya juu, tukarudi kinyumenyume, watu wa msaragambo waliokuwa wakitengeneza barabara wakaacha majembe kutucheka. Ya tatu ukarefusha matawi.

Jana niliifunga. Nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, injini ikinguruma, povu halikunyonywa ndani. Hakuna panapovuja. Nikakaa kiti chako, baba mdogo changu. Toka Mwanga tukaanza kupanda. Kwenye kona nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Halikukohoa, Baba. "Yesu wangu!" baba mdogo akasema. Mimi sikusikia furaha wala nini.

Shighatini nikafungua boneti, injini bado inawaka, nikaweka kiganja juu ya manifoldi kama ulivyozoea. "Inayopumua vizuri huwa ya baridi, petroli inaipoza," ulikuwa ukisema. Ilikuwa ya baridi. Baridi ile ile ya mkono wako. Hapo ndipo nikalia, nimeishikilia, baba mdogo akazima injini akanisubiri.

Shedi haiuzwi. Ya nne nitaisubu mwenyewe, kwa pistoni, na masufuria ya Mama siyagusi, nakuahidi.

Kiti chako nimekisogeza mbele kidogo, miguu yangu haifiki. Unisamehe kwa hilo. Lala salama, Baba.

Nakijwa wako