Kofia ya Faki Ilizidi Inchi Moja

Maskati,
Ijumaa, baada ya sala

Kwa mdogo wangu Mize, Pujini

Assalamu alaykum warahmatullah.

Nianze na afya, maana najua utaruka mistari mpaka uipate. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto linalolalamika nikipanda ngazi. Faki mzima, hana jeraha wala mchubuko. Ukishalisoma hilo, rudi usome taratibu. Na wewe macho yako yanaendeleaje? Binti yako Riziki aliniambia kwamba siku hizi yeye ndiye anayekutungia uzi kwenye sindano, na kwamba hutaki watu wajue. Basi mimi sikuambiwa.

Haya ninayoyaandika yangeweza kusemwa kwa simu. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu utanikatiza kwa maswali, nami nikikatizwa hupotea, na jambo hili linataka lielezwe toka mwanzo hadi mwisho. Nimempa mke wa Said anayekuja kuwaona wazee wake Kiuyu. Atakuletea mkononi.

Kabla ya Idi ulimpa mwanao radhi aendeshe pikipiki kwenye uwanja wa mbio. Ulimpa kwa neno langu. Nilikwambia kofia aliyonayo ni nzuri na inamkaa. Neno hilo halikuwa sahihi, na barua hii ni ya kulirekebisha.

Nikukumbushe kwanza mambo yenyewe, kwa sababu hata mimi yalinichukua muda kuyaelewa. Siku za uwanjani si mashindano. Hapana wa kwanza wala wa mwisho, hapana zawadi. Ni watu wa kawaida, mmoja fundi wa bandarini kama Faki, mwingine daktari wa meno, wanaokusanyika asubuhi kwenye njia ya lami iliyofungwa, wakapewa zamu ya dakika ishirini ishirini waendeshe kwa kasi wasiyoruhusiwa barabarani. Wote wanakwenda upande mmoja. Hakuna lori linalokuja mbele, hakuna ng'ombe, hakuna mtoto anayevuka. Lakini kasi ni kubwa, na anayeanguka huanguka kwa kasi hiyo.

Ndiyo maana hukuuliza chochote mpaka umeuliza kofia. Marehemu shemeji yangu, baba yake Faki, alipoanguka kwenye ile kona ya barabara ya Mkoani, helmeti yake ilikuwa imening'inia kwenye usukani, na haikupata hata mkwaruzo. Sina haja ya kukueleza zaidi. Ulisema, "Kaka, mtafutie kofia ya kweli, uitazame kwa macho yako, kisha uniambie. Ukiniambia inamfaa, nitamridhia." Faki naye alishasema kwamba bila radhi yako hapandi. Hivyo neno likawa langu.

Sasa sikiliza nilivyolifanya. Faki alikuwa zamu bandarini wiki nzima, nami nilitaka kofia iwe zawadi yake ya Idi. Nikakupigia simu nikakuomba kipimo cha kofia ya Faki. Ukakitoa hapo hapo bila kufikiri: inchi ishirini na tatu na nusu. Nikaandika kwenye karatasi, nikaenda dukani.

Duka hilo ni la Bi Zuwena, mwanamke wa makamo aliyezaliwa Wete akaletwa huku angali mdogo. Kipemba chake hakijatoka, ila kimechanganyika na Kiarabu cha sokoni. Alinionyesha mambo ambayo sikuyajua, nami niliyaandika yote. Kofia ya uwanjani hufunika uso mzima mpaka kidevuni. Mkanda wake haufungwi kwa kibonyezo. Hupitishwa kwenye pete mbili za chuma, kwa sababu kibonyezo huweza kufyatuka. Ndani kuna kibandiko cha walioipima na tarehe ilipotengenezwa. Kofia ya mitumba hainunuliwi hata ikiwa inang'aa, kwa sababu ikishaanguka mara moja kwa nguvu, ule utando mnene wa ndani unaovunja kishindo unakuwa umekwisha kazi yake, na kwa nje huoni kitu.

Kisha akaniuliza, "Mwenye kichwa yuko wapi?"

"Yuko kazini. Nina kipimo."

"Mlete mwenye kichwa, Mwalimu."

"Bi Zuwena, kipimo hiki kimetoka kwa mtu ambaye hajakosea kichwa cha mtu miaka thelathini."

Alinitazama kidogo, akapanda ngazi, akateremsha kofia ya kipimo hicho. Faki aliivaa jioni ile mbele yangu. Nikamuuliza, "Imekaa?" Akasema, "Imekaa, mjomba. Ahsante sana." Nikakupigia simu. Hayo mengine unayajua.

Jumamosi iliyopita tulikwenda uwanjani. Kabla ya mtu kuingia, mkaguzi hutazama pikipiki, nguo za ngozi na kofia. Huyu wetu ni mtu mzima ambaye mama yake alikuwa wa Unguja, na aliposikia tunavyozungumza akatugeukia kwa Kiswahili. Akaishika kofia ya Faki kwa nyuma, kwenye ukingo wa chini, akaisukuma juu. Ikainuka. Haikutoka, ila iliinuka. Akamwambia aivue.

Faki akasita. Alipoivua, chini yake alikuwa amevaa ile kofia ya kitambaa ya viua uliyomshonea mwaka aliosafiri, ile yenye nyota, imebanwa mpaka imekuwa kama kitambaa cha mkononi.

"Hii nini?" mkaguzi akauliza.

"Kofia," akasema Faki.

"Na hii niliyoishika?"

"Kofia."

Mkaguzi akaniangalia mimi. "Nyinyi Wapemba, kichwa kimoja kofia mbili? Mnaogopa baridi, Maskati?" Watu wawili watatu wakacheka. Kisha akaacha mzaha, akamwambia Faki kwamba haingii, na kwamba kofia inayohitaji kujazwa si yake. Kwa kasi ile, kitu chochote kilichowekwa katikati ya kichwa na utando huwa nafasi, na nafasi ndiyo inayoua.

Tulikaa kwenye kivuli cha banda. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa umefurahi, mjomba."

"Ningefurahi pia ukiniambia inapwaya."

"Nilidhani itakaa. Kofia zote za mama zinapwaya mwanzo."

Sikumkemea. Sisi ndio tuliomlea mtoto akipewa zawadi na mkubwa wake aseme imemfaa. Na ilivyo, alichokisema mwisho kilikuwa na maana zaidi kuliko nilivyojua wakati ule.

Jumatatu nikampeleka mwenye kichwa. Bi Zuwena hakusema "nilikwambia", na namshukuru. Alichukua tepu, akaizungusha juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, mpaka pale nyuma kichwa kinapochomoza. Inchi ishirini na mbili na nusu. Akapima tena, ikawa hiyo hiyo. Akaomba karatasi yangu.

"Nani kakupa hesabu hii?"

"Mama yake."

"Mama yake ashona nini?"

"Umejuaje kama anashona?"

"Kwani nani mwengine apima kichwa kwa nusu inchi? Ashona nini?"

"Kofia za viua."

Akaiweka tepu, akacheka mpaka akashika meza. "Weye Mwalimu weye! Kitambaa chanywea kikifuliwa. Kichwa cha ntu chanywea?"

"Changu hakijafuliwa bado, Bi," akasema Faki, na hapo wakacheka wote wawili, mimi nikisubiri.

Umeshaelewa, Mize, kabla sijamaliza. Unapokata kitambaa cha kofia unaongeza inchi moja, kwa sababu baada ya kufuliwa na kutiwa wanga mara mbili tatu hurudi. Wewe hukukosea. Mimi niliuliza kipimo cha kofia, ukanipa kipimo cha kofia. Nilitakiwa kuuliza kipimo cha kichwa. Nimefundisha watoto miaka mingi kwamba swali likikaa vibaya jibu sahihi halisaidii, na kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Ila kuna jambo la kulitazama hapa, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kufikiri. Hizi kofia mbili zinakwenda kinyume. Kofia yako huanza kwa kupwaya ikaishia kukaa. Kofia ya pikipiki huanza kwa kubana ikaishia kukaa, kwa sababu sponji za ndani hulainika kwa kuvaliwa. Inayokaa vizuri dukani itakuwa kubwa baada ya miezi michache. Kwa hiyo Bi Zuwena alimvalisha iliyombana mpaka mashavu yakaja mbele kama anapuliza moto. Akamwambia aseme jina lake, na aliposema akajing'ata. Akamwambia atikise kichwa: kofia na ngozi ya uso zikaenda pamoja. Akaisukuma kwa nyuma kama alivyofanya mkaguzi: haikuinuka. Akamwacha ameivaa karibu nusu saa, akiwahudumia wengine, kisha akamvua kutazama kama pana alama nyekundu kwenye paji la uso. Alama hapo ingemaanisha umbo la ndani si la kichwa chake, maana vichwa vingine ni vya mviringo na vingine vimerefuka, na cha Faki kimerefuka kama cha baba yake. Haikuwapo. Ile ya mwanzo Bi Zuwena aliipokea irudi dukani, kwa kuwa haikuwahi kuanguka.

Nilitazama yote hayo kwa macho yangu, safari hii nikiwa sina karatasi.

Tulipokuwa kwenye gari, Faki alikuwa ameipakata kama anayebeba tikiti. Akasema, "Basi Jumamosi ijayo naingia."

"Bado."

"Mjomba, mama keshasema ndiyo."

"Alisema ndiyo kwa neno langu, na neno langu lilizidi inchi moja."

"Lakini sasa kofia ni sawa."

"Sasa ni sawa. Alipokuwa anaridhia haikuwa sawa. Tunamuuliza upya."

Tukapita mzunguko wa pili. Kisha akauliza, "Na akisema hapana?"

"Basi ni hapana."

Sidhani kama amenikasirikia, ila chakula cha usiku alikula chumbani.

Nikueleze na upande mwingine, usije ukaniona nimekuficha. Kofia hii haimzuii kuanguka. Hailindi shingo, wala mguu, wala kifua. Inafanya kazi moja, nayo nimeridhika kwamba itaifanya. Kuhusu mengine, sijui. Fomu ya uwanja ina mstari wa mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Faki alikuwa ameandika namba yako. Nimeikata nikaandika yangu, kwa sababu haifai usikie kutoka kwa mtu asiyekujua. Hilo nimelifanya bila kukuuliza, na sitalibadilisha.

Nisalimie binti yako Riziki, na umwambie macho yake ya kutunga uzi ayatunze. Msalimie shemeji yako wa msikitini, anayenidai jibu la swali la mirathi; namwandikia. Na yule jirani yako anayekupigia kofia pasi, mwambie viua vya Faki vimerudia sura yake baada ya kufuliwa, hakuna uzi uliokatika.

Radhi uliyoitoa ilikuwa ya kofia nyingine, na nimeihesabu kuwa imerudi kwako. Hivyo Faki hana ruhusa wala hana katazo mpaka nikusikie. Mtumie Riziki aniandikie neno moja kwenye simu. Ukisema hapana, usitafute sababu, sitaiuliza, na nitamwambia mwenyewe. Ukisema ndiyo, isiwe kwa kuwa nimekueleza vizuri.

Kaka yako,
Hamad