Ile Laini ya Pole

Jumapili, Novemba 2006. Etterbeek. Mvua ile isiyonyesha wala kuacha.

Leo sikwenda kokote. Nimefua, nimepasha wali wa jana, nimemkasirikia mama kimoyomoyo, kisha nikagundua kwamba kosa halikuwa lake hata kidogo. Yote hayo kabla giza halijaingia, na huku giza linaingia mapema siku hizi.

Niandike taratibu, maana mwenyewe nimechelewa kuelewa.

Mama ana dada mmoja tu, Mama Mkubwa Sakina. Yuko Buyenzi, Bujumbura, kwenye nyumba ileile walimozaliwa. Vita ilipotuondoa sisi tukafika huku Ulaya, yeye alibaki kumtunza bibi. Bibi akafariki wakati mama bado anangoja karatasi za ukimbizi na hawezi kusafiri. Baada ya hapo dada hawa wawili hawakusemezana kwa miaka. Mmoja anasema, hukuniambia mapema. Mwenzake anasema, hukuwepo. Wote wana haki, na wote wana mdomo.

Ndugu walijaribu kuwapatanisha, wakashindwa. Kilichowapatanisha ni tarakimu nne.

Hapa ukiwa na simu ya nyumbani, laini ni ya kampuni moja, lakini ukipiga mbali unaweza kuchagua kampuni nyingine ikubebee sauti. Unabonyeza kwanza tarakimu nne za hiyo kampuni, halafu namba ya unayempigia. Maduka ya simu ya Matonge, mtaa wetu Waafrika hapa mjini, yamejaa matangazo yao ukutani. Mimi napenda vya bei rahisi, sifichi, nikachagua iliyo rahisi kuliko zote na kumfundisha mama. Siku ya Idi ya mwaka jana akaitumia kumpigia dada yake, salamu tu, kwa sababu siku ya Idi hata uliyenuniana naye unamsalimia.

Urahisi wake ulikuwa na sababu. Sauti ilichelewa. Unasema neno, linakwenda kuzunguka sijui nchi gani, linafika baada ya pumzi nzima. Ukimkatiza mwenzako maneno yanagongana njiani, na hakuna anayesikia kitu. Basi wakajifunza wenyewe, watu wazima wale. Mmoja anaongea mpaka mwisho, anasema "haya", ndipo mwingine anaanza. Niliwacheka sana. Nilikuwa napita koridoni nikisema "haya, haya" kama polisi kwenye redio, na mama ananirushia kandambili bila kuacha kusikiliza.

Lakini waliongea. Kila Jumapili. Mwaka huu Mama Mkubwa akaanza kumsimulia siku za mwisho za bibi, kipande kwa kipande. Mama hakuniambia anasimuliwa nini. Nilichoona ni kwamba Jumapili jioni macho yake yalikuwa mekundu na uso wake umetulia, akala vizuri na kulala mapema.

Halafu nikaja mimi na maendeleo.

Mwezi uliopita nilisaini na kampuni ya kebo: televisheni, intaneti na simu, vyote kwa mkupuo. Sauti safi kama maji ya chupa. Nikampa mama ile simu mpya isiyo na waya, nikamwambia asahau tarakimu nne. Na kweli, hata ukizibonyeza inakujibu sauti ya kwenye mashine kwamba huduma hiyo haipo, kwa sababu kampuni hii haikuachii nafasi ya kuchagua mbebaji mwingine. Sikuona ubaya. Nilijiona mtoto mwema kabisa, nikawasimulia hadi wenzangu kazini.

Jumapili ya kwanza wakagombana. Nilisikia yote, maana sauti ya Mama Mkubwa ilitoka kama yuko jikoni kwetu. Alikuwa anasema, "Siku ile mama alikataa kula," na kabla hajavuta pumzi mama akadakia, "Sasa kwa nini hamukumupeleka hôpital?" Mama Mkubwa naye juu kwa juu, "Nimupeleke na nani? Na wewe?" Akakata simu.

Tangu siku hiyo mama hakupiga tena. Mimi nikaudhika. Nilidhani ni kiburi chao cha zamani kimerudi, kile ninachokijua, na kusema kweli nimekirithi.

Leo nikamwambia apige. Nikamwambia kwa ukali kidogo kwamba laini nzuri namna hii anaiacha ikae bure. Alikuwa anachambua maharage mezani. Hakuinua kichwa.

"Mutoto wangu, hii simu yako inafikisha maneno mbio. Hata hasira inafika mbio. Ile ya zamani ilikuwa inanifungaka kinywa. Nilikuwa nataka kumujibu Sakina mubaya, bon, nangojea zamu yangu, na zamu ikifika nakuta hasira imeshapita."

Akatoa kijiwe kwenye maharage, akakiweka pembeni.

"Na alikuwa amefika pa mwisho, unajua? Alisema ataniambia mama alisema nini mbele ya kufa. Sasa Sakina ni muzee, ana tension ya juu. Akienda na hayo maneno, nitaulizaka nani?"

Nilikaa. Kule Jette, hospitalini, kazi yangu ni kuwasaidia wazee kula na kuvaa, na ninasifiwa kwamba sina haraka nao. Nyumbani nilikuwa nimemnyang'anya mama yangu kitu pekee kilichokuwa kinampa subira, tena nikaufunga unyang'anyi huo kwa karatasi ya zawadi. Niliona haya. Zaidi ya haya, nilimpenda mno mama kwa dakika ile, pale alipo, na kijiwe chake pembeni.

Bahati nzuri laini ya zamani ilikuwa bado haijakatwa, ina uhai mpaka mwisho wa mwezi. Nikapekua kabati la viatu, nikatoa ile simu yenye waya uliojisokota, nikaichomeka koridoni. Ikalia mlio wake mnene. Sikujua kama nitakuja kufurahia mlio wa simu.

Mama alinawa mikono. Akajifunga mtandio vizuri kana kwamba anakwenda kuonekana. Akabonyeza zile tarakimu nne polepole, halafu namba ya Buyenzi bila kuangalia popote.

Nilitaka kuondoka, akanishika mkono. Akaweka kipokeo katikati ya sikio lake na langu.

Mama Mkubwa hakusalimia. Alisikia ule mvumo na mwangwi, na sauti inavyokuja polepole, akauliza, "Mumerudisha ile laini ya pole?"

"Tumerudisha, dada. Haya."

Pumzi moja. "Alhamdulillahi. Mi nilizani umekuwa Muzungu, hautaki tena kungojea muntu. Haya."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka mwezi mzima. Akamwomba amalizie pale alipoishia, akasema "haya", akafumba macho.

Mama Mkubwa akaanza. Alisema mwishoni bibi alikuwa hatambui watu. Kila alipoingia na uji, bibi alimwita Ziada. Ziada ni mama yangu.

"Namwambia, mama, ni mimi Sakina. Anauliza, Ziada amekuja? Kila siku ni Ziada, Ziada. Nilikuwa na hasira na wewe mpaka nalia. Ni mimi namuosha, ni mimi namulisha, na anaita wewe."

Nilimwangalia mama. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kwenye simu yangu nzuri angedakia hapo hapo, nami ningekuwa nahesabu hii kuwa vita nyingine. Aliufunga mdomo. Laini ikavuma.

"Ile asubuhi ya mwisho akauliza tena, Ziada, ni wewe? Nikachoka. Nikasema, ndiyo mama, ni mimi Ziada, nimerudi. Akanishika mukono, akalala. Hakuamuka tena. Nilikuwa sitaki kukuambia, sababu ule mukono ulikuwa wangu. Lakini alienda anajua kama ulirudi. Haya."

Ikawa zamu ya mama.

Ninajua ile laini inachelewesha kiasi gani. Mama alingoja zaidi ya hapo, na zaidi ya hapo tena, machozi yakimwingia kwenye mtandio. Buyenzi nako hakuna aliyesema "allô", hakuna aliyeuliza kama bado tupo. Walikuwa wamezoea kungojana.

"Asante uliitikia jina langu, dada," akasema mwishowe. "Haya."

Tukabaki tumesimama koridoni, mashavu yamegusana, tukingoja neno lifike.

Sasa mama amelala, na maharage yako kwenye maji. Kesho kabla ya zamu nitaipigia kampuni ya zamani niwaambie laini hiyo wasiikate. Watashangaa mtu anataka laini mbili katika nyumba moja, na mojawapo mbovu. Nitawaambia mama yangu anaitumia.

Haya.