Milioni Tisa na Laki Sita za Karatasi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekaa kwenye kiti. Kutwa nzima! Miaka kumi na tisa nimepaka rangi vitanda vya chuma kwenye karakana ya Kaka, nimesimama, na sasa daktari wa kifua amesema basi — rangi au pumzi, chagua. Kaka akaamua: njoo ofisini, mdogo wangu, ushike kitabu cha wadaiwa, kazi ya kukaa tu. Karani aliyekuwepo aliacha tangu Januari.

Kitabu chenyewe! Daftari la shule, jalada limelowa grisi. Mteja mmoja kaandikwa "yule wa lori jeupe". Mwingine "rafiki yake fundi". Tarehe hapa ipo, pale haipo. Chini kabisa jumla, mwandiko wa Kaka, mistari miwili: 9,600,000. Anaipenda hiyo namba. Kaigonga kwa kidole: unaona, sisi si maskini. Mimi nikatazama dirishani. Mafundi watano wanachomelea, na mshahara wa Februari hawajauona.

Jumanne, 4 Machi

Simu kumi na moja. Wanne hawapokei. Wawili "nitakupigia". Mmoja kasema mwenye deni alishafariki. Nikampa pole. Halafu akakohoa — ni yeye mwenyewe! Kikohozi kile nakijua, kila akija alikuwa ananitania kwa rangi iliyo kwenye nywele zangu. Nikamwambia, basi marehemu, ukifufuka tuna laki moja na themanini yetu.

Kakata simu.

Alhamisi, 6 Machi

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mama mstaafu, alikuwa mhasibu wa bohari ya dawa miaka thelathini. Nimempelekea daftari kwenye mfuko wa mboga. Akalifungua, akalifunga, akavua miwani. "Nani kakuandikia uchawi huu?"

Kanisomesha saa mbili, mkali kama pilipili. Ukishakabidhi mzigo umeuza — andika siku hiyo hiyo, ankara na namba yake, hata kama senti hujaiona. Tangu hapo deni ni mali ya biashara, sawa na mashine ya kukatia vyuma. Ila ni mali iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Akilipa, risiti, na deni unalipunguza papo hapo. Si kesho!

Halafu umri. Anasema deni linaharibika kuliko maziwa. Kanichorea safu tatu: chini ya mwezi, mwezi mpaka mitatu, zaidi ya mitatu. Wa safu ya tatu jiulize bila haya, huyu atalipa kweli? Asiyelipika mfute. Mwenye mashaka mtengee kiasi pembeni, yaani usikihesabu kama pesa, usije ukajidanganya.

Nikauliza, mbona Kaka hajui haya? Kacheka mpaka kashika kiuno. "Anajua, mwanangu. Hataki tu kukumbushwa."

Ijumaa, 7 Machi

Safu zimekamilika. Ya kwanza 1,800,000. Ya pili 2,200,000. Ya tatu 5,600,000! Zaidi ya nusu ni vikongwe. Shule ya bweni peke yake milioni mbili na laki nne, vitanda arobaini, tangu Septemba. Wanafunzi wanalala juu ya jasho letu usiku kucha, na mkuu wa shule analala pia, tena fofofo.

Jumatatu naenda.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika saa mbili asubuhi. Karani wake: mkuu ana kikao. Sawa. Nikakaa kwenye benchi, mbele ya mlango wake. Saa nne, kikao. Saa sita, kikao. Saa saba akatoka mwenyewe, kwenda kula, akanikuta.

"Mama, ankara yenu sijaiona."

Nikampa nakala.

"Vitanda vyenyewe vina kasoro."

Nikampa hati ya kupokelea mzigo. Vitanda arobaini, vizima, sahihi ya bwana stoo wake, muhuri wa shule. Nikamwambia, kama kuna kibovu nakirudisha leo hii, nionyeshe mtoto gani nimwamshe. Karani akainamisha kichwa, mabega yanamtetemeka. Kicheko!

"Dada mkali wewe," mkuu akasema.

"Mimi si mkali. Nimechelewa miezi sita."

Katoa milioni moja. Iliyobaki kaandika na kusaini, mafungu mawili, tarehe kamili. Nikamkatia risiti pale pale juu ya goti. Mafundi wamepata Februari yao. Mchomeleaji mzee kapiga nyundo kwenye chuma mara tatu, kama kengele. Nimecheka mpaka kifua kikaniuma, na sijali.

Jumanne, 11 Machi

Kaka hakuifurahia milioni kama nilivyotarajia. Kumbe ana jambo. Anauza nusu ya karakana! Mnunuzi ni nesi mstaafu, wote wanamwita Sista, ana kiinua mgongo chake chote benki. Bei wamepanga kwa kuhesabu mashine, vyuma, na "tunachowadai watu". Kaka anataka orodha safi, kwa kompyuta. Bila safu zangu. Jumla moja tu, ile ile.

Nikasema, lakini shule imeshalipa milioni.

"Acha kama ilivyo, mdogo wangu. Usiniharibie."

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa mwenye gesti, safu ya tatu, milioni moja na laki tisa. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata viatu nilivaa vya kukaa benchi. Yule mama wala hakubisha. Kafungua droo, katoa risiti. Novemba 18. Taslimu, zote. Sahihi ya Kaka.

Akaniuliza kama naumwa. Nikasema jua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga mlango wa ofisi, nikaweka nakala ya risiti mezani. Kaka kaisoma. Nilidhani atafoka. Hakufoka.

"Macho ya Mama," akasema.

Upasuaji ule! Wote tulimpongeza, mtoto wa kiume kajitoa, kalipa peke yake. Mimi nilimbusu mkono. Kumbe ni pesa ya gesti.

"Ungetaka nimwache awe kipofu?"

Nikamwambia hapana, na karakana ni yako, pesa ulichukua kwa ajili ya mama yetu, sikulaumu hata kidogo. Lakini mwenye mali akichukua, anaandika amechukua. Na mteja aliyelipa hadaiwi tena. Huwezi kumuuzia Sista deni ambalo halipo.

Kasema bila pesa ya Sista, mwenye duka la vyuma hatatukopesha tena, na mwezi wa nne tunafunga. Mafundi watano. Wewe pia. Utakula safu zako?

Nikasema nitazila kavu.

Najisifu hapa tu.

Jumapili, 16 Machi

Mama kapiga simu. Kaambiwa, lakini nusu. Kasema, mwanangu, usimvue nguo kaka yako mbele ya mgeni. Damu nzito kuliko maji. Sikumweleza habari ya macho yake. Neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa — nikalimeza. Nikasema tu, Mama, yule mgeni naye ana wanawe.

Halafu kauliza kama nakunywa dawa za kifua.

Nimekokotoa upya mara tatu. Toa milioni ya shule. Toa milioni moja na laki tisa ya gesti. Toa 1,300,000 ya waliohama, waliofunga biashara na marehemu wangu mwenye kikohozi. Inabaki 5,400,000. Jirani wa juu kaniambia nitenge laki nne za mashaka. Milioni tano basi. Kutoka tisa na laki sita! Nilikaa nikaitazama. Si ndogo. Ni ya kweli, na ya kweli ina uzito wake. Kwa hiyo tunaweza kuendelea, kwa bei ya kweli. Nimemtumia Kaka ujumbe hivyo hivyo. Kausoma. Hajajibu.

Jumatatu, 17 Machi

Sista kaja saa tatu kamili. Mwembamba, viatu vya kazi, mkoba kifuani. Kaka kamtembeza kwa mafundi, na kabla hajatoka kaniwekea karatasi yake mezani. 9,600,000. Chini: "Imetayarishwa na" — jina langu, tayari limechapwa! Kaninong'oneza, tukirudi iwe na sahihi.

Sikuisaini. Nimeiweka droo ya chini, nikaweka yangu mezani, safu tatu, risiti ya gesti nimeibana juu. Hiyo nimeisaini.

Wamerudi. Sista kakaa, kavaa miwani, kaichukua. Kaka kaona ni ipi. Kasimama mlangoni, haingii, hatoki. Naandika hapa nyuma ya kitabu cha risiti kwa sababu mikono inataka kazi. Watadhani ni hesabu.

Sista anasoma mstari kwa mstari, kidole kinashuka, midomo inajumlisha. Kafika gesti. Kaisoma risiti. Kageuka akamtazama Kaka, akarudi kwenye karatasi. Nje mashine ya kukatia imezimwa, yaani mafundi nao wanasikiliza, wambea wakubwa!

Kamaliza. Kavua miwani.

"Nimeona mnaowadai," kasema. "Na wanaowadai ninyi? Wewe dada, kwa mfano. Mshahara wako wa mwisho lini?"

Miezi minne. Sijaiandika popote. Kwa Kaka hata kuitaja sijawahi, ndugu hadaiani na ndugu, ndivyo tulivyolelewa.

Kaka kanitazama. Macho yale ya utotoni, nilikuwa nikiyaona namjibia mimi, napigwa mimi.

Leo simjibii, ajibu mwenyewe. Sista anasubiri, kalamu mkononi, kashaacha nafasi chini ya jumla. Kaka kakohoa. Kafungua mdomo —