Ulizikwa, Ukaendelea Kufundisha

Ndiyo, bado tunakusikia. Kila anayeuliza tunamjibu hivyo hivyo, mimi na mama yako, na anayetaka kutucheka acheke. Mwaka umeshazunguka tangu ututoke, mwanangu, na nyumba hii haijanyamaza bado.

Mumeo ndiye anayeandika, mimi nasema tu. Akitaka kuninyoosha maneno namwambia aache, wewe mwenyewe ulijaribu ukashindwa.

Na ulijaribu kweli. Mimi mshona viatu, shuleni nilikaa kidogo nikaambiwa nikatafute kazi. Wewe ukiwa mdogo ulikuwa unakaa miguuni pangu pale kibandani, unasoma maandishi ya Kiingereza kwenye makopo ya rangi ya viatu, unasoma kwa sauti mpaka wateja wanasahau walichofuata. Nani alikufundisha sijui. Mimi siye. Ukakua, ukawa mwalimu wa Kiingereza hicho hicho, kwa wale watoto ambao si wadogo si wakubwa, sauti zinawakwaruza, hawataki kuambiwa kitu. Wenzako waliwakwepa. Wewe ulikuwa unawazungumzia mpaka usingizini.

Ratiba yako tunaijua wote kama njia ya kwenda msalani. Asubuhi maneno mapya ubaoni. Halafu sarufi, ambayo uliwaambia ni kama uzi wa kiatu, hauonekani, ila ukikatika unarudi nyumbani na soli mkononi. Hiyo uliniibia mimi. Mwishoni, wakitulia, riwaya. Jioni unakuja na neno la siku mezani: "Baba, leo neno letu ni hesitate, yaani kusitasita. Haya, litumie." Nalitumia, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, binti yako anaangua kicheko mpaka maji yanamtoka puani, na wewe unanipigia makofi.

Moyo ukaanza kukusumbua. Daktari akakukataza kusimama, akakukataza ngazi, akakukataza kupaza sauti. Tukadhani sasa utatulia. Utulie wewe! Ukajifungia chumbani na simu, ukaziba chini ya mlango kwa shuka, ukaanza kurekodi masomo. Mumeo anayapeleka shuleni, yule mwalimu kijana aliyekushikia darasa anayafungulia kwenye spika.

Siku moja nilichungulia. Umekaa kitandani, unauliza swali, halafu unanyamaza. Unatazama ukuta, unangoja. Halafu unasema, "Vizuri. Na nyie wa kule nyuma?" Unangoja tena. Nikaenda jikoni nikamwambia mama yako, "Mwanao anaongea na ukuta."

"Anawaachia watoto nafasi ya kujibu, we mzee," akasema. "Na utoke hapo, unanizibia mwanga."

Tukakuzika, na nafasi zile bado zilikuwa zinangoja majibu.

Wiki ile ile nilikwenda shuleni kurudisha funguo za kabati lako. Nimefika kwenye korido, nikakusikia. Sisemi nilidhani. Nilikusikia, sauti yako yenyewe, unasoma ile hadithi ya msichana aliyeokota sanduku lililosahauliwa stesheni, anazunguka nalo mji kwa mji kumtafuta mwenyewe. Nikashika ukuta. Mara ukaacha kusoma. Ukasema, "Redio, geuka mbele. Dirishani hakuna mtihani."

Yule msichana wanayemwita Redio kwa sababu hafungi mdomo, basi naapa, alikuwa dirishani ananitazama mimi. Akageuka mbele kama kachomwa sindano. Hakuna aliyecheka. Ukauliza swali, wakajibu kwa pamoja, ukasema "Vizuri" pale pale panapotakiwa.

Mwalimu kijana akatoka nje, macho mekundu. "Shikamoo, mzee wangu. Nilitaka kuzima, wamenikatalia."

"Marahaba. Usizime, mwanangu." Ningemwambia nini kingine?

Basi ukaendelea kufundisha, wewe na kaburi lako halijakauka. Rekodi moja, na nyingine, na nyingine, mpaka ikabaki ya mwisho, ya kumalizia riwaya. Hiyo ilibaki kwenye simu yako, na simu yako anayo binti yako, ambaye naye ni mwanafunzi wa darasa hilo hilo. Anaichaji, anaifuta vumbi, anatembea nayo. Rekodi haigusi.

Nikamuuliza kwa nini. "Nikiisikiliza hiyo, babu, mama hatakuwa na kitu kipya cha kuniambia tena." Nikajifanya natafuta miwani.

Wenzake hawakumsumbua. Vitabu viko kabatini, wangefungua tu ukurasa wa mwisho wakamaliza udhia, lakini uliwaapisha: hakuna kuchungulia mbele. Tangu hapo wamekwenda na maneno na sarufi, riwaya wameiacha pale ulipoiacha, yule msichana amesimama na sanduku lake mlangoni kwa watu, hajafunguliwa. Mimi mwenyewe nikipita stesheni namtafuta kwa macho. Na mama yako, usimcheke, akifagia chumba chako anakuuliza, "Mashuka nianike leo?" Halafu ufagio unasimama. Namsikia anangoja. Kisha ufagio unaendelea.

Sasa darasa lako linamaliza shule. Wiki ijayo kila mtu na njia yake, wengine hawataonana tena. Na juzi ndiyo ilikuwa siku yako ya kumbukumbu. Mama yako na dada yako mshonaji walipika tangu asubuhi, wali na maharage, yale masufuria makubwa ya kuazima. Tunapakua tu, geti likagongwa. Darasa zima! Sare zimepigwa pasi, mwalimu kijana nyuma yao kakumbatia boksi la vitabu.

"Karibuni, karibuni, kaeni," mama yako akasema.

Hawakukaa. Viti vipo, mikeka ipo, wamesimama uani wanautazama mlango wa binti yako. Hakuna aliyeomba kitu. Na watoto wakisimama hivyo, wakubwa watakaaje? Tukasimama wote. Wali ukaanza kupoa. Mama yako akashika kiuno: "Jamani, chakula tutakila au tutakitazama?"

Binti yako kajifungia ndani na simu. Akaenda mumeo, akaambiwa, "Niache, baba." Akaenda dada yako, akaambiwa hivyo hivyo. Nikaenda mimi, hata sikujibiwa. Ndipo akaja Redio. Akakwaruza mlango kwa kucha.

"We."

"Nini?"

"Mimi hilo sanduku wala silitaki. Liwe la nani, shauri yake."

Akakwaruza tena.

"Nataka anigombeze tu. Mara moja tu. Tangu aondoke hakuna anayenigombeza vile."

Tukasikia kitasa.

Simu ikaunganishwa na spika, ikawekwa katikati ya sahani. Binti yako ndiye aliyebonyeza. Kwanza ikaja pumzi yako, ile nzito ya siku zako za mwisho, mama yako akaniminya mkono. Halafu ukasema, "Haya, wanangu. Tuliishia wapi?" Ukanyamaza.

Wakajibu wote kwa Kiingereza, na binti yako akiwamo, kwamba mliishia mlangoni.

"Vizuri," ukasema.

Ukasoma. Ukachoka, ukapumzika, ukasoma. Katikati ukasema, "Redio, najua unataka kuuliza sandukuni mna nini. Vumilia, na ufunge mdomo, nzi wataingia." Redio akaufunga mdomo kwa mikono miwili, analia, anacheka, mabega yanaruka.

Mlango wa kwenye hadithi ukaanza kufunguliwa. Watoto wamenyoosha shingo, mumeo kaacha kufuta meza. Mara ndani ya simu mtu akapiga ukelele: "Mwanangu wee! Chakula kinapoa!"

Mimi huyo. Sauti yangu ya mwaka jana, ina nguvu kuliko hii. Ua mzima ukanigeukia. Nilitamani nijifunike sufuria.

Wewe ukacheka. "Mmemsikia babu yenu. Basi kipande kilichobaki siwasomei. Vitabu mnavyo. Kila mmoja akakisome kwao, na mtu anayempenda. Nawaruhusu kuchungulia. Mimi naenda kula." Kitanda kikalia, tukasikia ndala zako, mlango ukafunguka.

Na simu haikuzimika. Ulisahau kuizima, mwanangu. Tukasikia sahani zinagongana kwa mbali. Mama yako analalamika nani kamaliza chumvi. Mumeo anasema si yeye, ni panya, panya wa siku hizi wana presha. Binti yako anagombea kukaa upande wako. Mtu anasogeza meza, mimi nakohoa. Tulikuwa sisi wenyewe. Tumesimama uani tunajisikiliza tukiwa na wewe. Binti yako kaishika simu kwa mikono miwili, haizimi. Kumbe kilikuwepo kitu kipya.

Halafu ukasema, kwa mbali lakini wazi, ile sauti yako ya darasani:

"Jamani, mbona mmesimama? Kaeni mle."

Likakaa darasa zima kwa kishindo kimoja. Redio kakaa chini, mwalimu kijana juu ya boksi la vitabu. Akakaa mama yako, anayekuanikia mashuka. Akakaa mumeo, anayeandika haya na sasa hivi kasimamisha kalamu. Akakaa dada yako mshonaji, ambaye gauni lako la bluu hajampa mtu. Akakaa binti yako, akanyoosha sahani yake apakuliwe. Nami baba yako nikakaa wa mwisho, magoti haya unayajua. Ndio sisi tunaokukumbuka, leo na siku zote tutakazopewa, na hata tukitaka kukusahau najua hutatuachia.

Wali ulikuwa umepoa kabisa. Tukala.