Vitambaa vya Bibi kwenye Gari la Baba Mdogo

Shikamoo Bibi, mke mwenzangu,

Kule Fairfax jua limechoma kweli. Lile gari la Kimarekani la mwaka 1971, ambalo Baba Mdogo amekuwa akilifufua kwa kutafuta skrubu moja moja tangu nikiwa sekondari, leo limeingia kwenye mashindano ya magari ya zamani. Jaji alilizunguka akitabasamu, kisha akachungulia ndani na kuviona vitambaa vyako vimetandikwa juu ya viti.

"Hivi havikutoka kiwandani," akasema. "Viondoe, kombe ni lako."

Nilimkanyaga Baba Mdogo mguu. Hakunitazama hata kidogo.

"Mama yangu kavifuma kwa ajili ya gari hili," akajibu. "Nikivitoa atajua."

Sasa Bibi, ungejuaje na wewe uko Moshi? Kombe limechukuliwa na mtu mwingine, na mwanao amepiga mluzi njia nzima hadi nyumbani Beltsville kama bwana harusi. Mimi ndiye niliyenuna, ingawa nilikuwa nimeegemea kitambaa chako na kilikuwa laini.

Mungu akutunzie macho na vidole. Ila mwanao akikuomba na cha dashibodi, tafadhali kataa.

Mjukuu wako akupendaye,
Neema