Alama ya Mkononi na Sindano Iliyobaki

Mpendwa Mjomba Patrobas,

Naomba msaada wako kabla mume wangu hajarudi kutoka Mombasa, na unisamehe kama maandishi yanapanda na kushuka, naandikia juu ya paja moja na mtoto yuko kwenye lile lingine. Jina langu ni Nthenya, nakaa Umoja katika nyumba ambayo imeongezwa vyumba mpaka uani pamebaki nafasi ya kamba ya nguo tu, tuko wapangaji sita na choo kimoja, na mwenye nyumba ni mama mcha Mungu anaitwa Teresiah, ambaye hutuita sote watoto wake isipokuwa tukimwaga maji ya sabuni mlangoni pake.

Mume wangu Maingi ni dereva wa lori. Tulikuwa na watoto wawili. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka minne, Kavutha, tulimpa jina la mama yake Maingi, na kwa sababu hiyo baba yake hakumwita kwa jina hata siku moja, alimwita mama tu, akitoka safarini alikuwa anasimama mlangoni na kuuliza, "Mama yuko wapi, mbona nina njaa?" na mtoto anamkimbilia na sufuria tupu. Wa pili ni huyu nimempakata, Mwendwa, wiki hii anatimiza miezi tisa.

Mjomba, mwezi wa nne mtoto wa jirani yangu Lydiah, anaitwa Thuo, alishikwa na ukambi. Lydiah alimlaza chumbani akaziba dirisha kwa blanketi kama tunavyofanya sote, na watoto wa ploti, wa vyumba vyote sita, wakawa wanaingia kumtazama kwa sababu alikuwa amenunuliwa soda. Mimi niliogopa, nikamwita Kavutha arudi, ndipo Mama Teresiah akanicheka, akamshika mtoto mkono wa kushoto, akaugeuza, akaniambia, "Nthenya, hii ni nini? Si ni alama? Huyu amechanjwa. Mwache mtoto acheze." Na kweli alama ilikuwa hapo chini ya kiwiko, kovu dogo la duara, na kwetu kila mtu huangalia hilo, hata mimi ninalo langu tangu shule, Maingi pia analo, tumekua tukijua mwenye alama amemaliza. Nikamwacha.

Thuo alipona. Kavutha akaanza mafua na macho mekundu, kisha vipele vikatokea nyuma ya masikio vikashuka mwili mzima, Mama Teresiah akasema ni vizuri, acha vitoke, ila nisimwoshe visije vikarudi ndani, nami nikamfunika nikamfungia kwenye joto, mpaka akaanza kupumua kama mtu anayepanda mlima na huku amelala. Tulipokimbia hospitali Lydiah ndiye aliyembeba, kwa maana mimi nilikuwa na Mwendwa mgongoni. Daktari alisema mapafu yamejaa na tumechelewa. Alikata roho mikononi mwa Lydiah, mimi nikiwa nimeenda kumtafutia maji ya kunywa. Tangu siku hiyo Lydiah nikitoka nje yeye anaingia ndani.

Maingi mwenyewe ndiye aliyemvalisha gauni la kuzikwa. Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisimama, akautazama. Juzi nilipomwambia siku ya kliniki ya Mwendwa imefika, alinijibu polepole, hata hakupaza sauti. "Alikuwa na alama. Niliiona nikimvalisha. Sasa huyu naye unataka achomwe ili iweje?" Nikasema, "Baba, sista wa kliniki alisema miezi tisa." Akasema, "Sista azae wake." Na kabla ya kupanda lori akaniambia akirudi akikuta mtoto amedungwa, basi nijue njia ya kwetu Machakos bado ninaikumbuka.

Sasa mjomba, jana mtoto wa chumba cha mwisho, kile cha karibu na choo, aliamka na macho mekundu. Je, nimpeleke Mwendwa kwa siri? Na kama sindano ilishindwa kwa dada yake, kwa huyu itasaidia nini? Au ni mimi niliyemwua, kwa sababu nakumbuka tukikaa Mukuru kwa Njenga kuna siku nilimpeleka Kavutha kliniki ya miezi tisa akiwa na kikohozi, na mwanamke mmoja kwenye foleni akaniambia mtoto wa kikohozi hadungwi, sista atanifokea bure mbele za watu, nikarudi nyumbani, baadaye tukahama, na sikuuliza tena kwa sababu alama si ilikuwepo. Niambie ukweli hata kama ni mchungu, maana wengine wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu na mimi siwezi kumuuliza Mungu anieleze.

Nthenya, Umoja

MJOMBA PATROBAS ANAJIBU

Nthenya mama,

Barua yako ilinifikia Jumanne na nikakujibu kwa posta siku hiyo hiyo, kwa kuwa gazeti hutoka Jumamosi na ukambi hauna habari na Jumamosi. Haya ya hapa nimeyachapisha kwa ajili ya wengine, ambao najua sasa hivi wanageuza mikono ya watoto wao kutafuta kovu.

Pole, mama. Na pole kwa Maingi.

Mimi si daktari. Elimu yangu ya sindano niliipata kwenye benchi la kliniki nikimsubiri mke wangu, nikiuliza maswali mpaka sista akanitafutia kazi ya kushika watoto wanaolia. Alichonieleza ni hiki. Ile alama ya Kavutha si ya ukambi. Ni ya chanjo ya kifua kikuu, ambayo mtoto hupewa akiwa bado mchanga kabisa. Ya kwako na ya Maingi ni ya ndui, na kwa kuwa ndui imekwisha, sote tulijifunza kuiheshimu alama kama muhuri wa D.O. wa tarafa. Lakini chanjo ya ukambi haiachi alama ya kuonyesha majirani. Mtoto hudungwa akifika miezi tisa, ngozi inafunga, hakuna cha kutazama. Ndiyo iliyokuwa imebaki siku ile ya kikohozi.

Kwa hiyo sindano haikushindwa kwa Kavutha. Sindano hiyo hakuipata.

Najua sentensi hiyo imekukata. Nimeiandika kwa sababu ndiyo Maingi anayoikosa. Mumeo si mtu mbaya. Amepiga hesabu yake vizuri, ila namba alizopewa si zenyewe. Aliona alama, akaona kifo, akajumlisha. Baba aliyekuwa akimwita mtoto mama na sasa hakimbiliwi na mtu mwenye sufuria, usimtegemee apate jibu sahihi peke yake kwenye barabara ya Mombasa.

Umeuliza kama ni wewe uliyemwua. Hapana. Uliogopa ukamwita arudi, na woga wako ulikuwa sahihi kuliko akili ya ploti nzima. Ulichekwa, ukanyamaza. Hilo ndilo kosa lako, na ni kosa la kila mtu anayetaka kukaa vizuri na majirani. Litakuuma miaka mingi. Siwezi kukuondolea, na yeyote anayekuambia anaweza, usimwandikie.

Mama Teresiah ana moyo mzuri, na kwa moyo huo mzuri amewaruhusu watoto wakae kitandani pa ukambi na akakataza mgonjwa asioshwe. Yule mwanamke wa foleni ya Mukuru namjua. Kila kliniki ina wake, hajaajiriwa na mtu lakini hufika mapema kuliko masista. Kikohozi kidogo si sababu ya kurudi nyumbani. Anayeamua ni sista akishamtazama mtoto. Na ninyi masista mnaosoma hapa wakati wa chai: mama mliyemfokea kwa kuchelewa siku moja hatachelewa tena, kwa sababu hatakuja tena.

Umestaajabu moyoni, ingawa hukuandika, mbona Mwendwa alilala karibu na dada yake asiguswe. Mtoto huzaliwa na kinga kidogo aliyotoka nayo kwa mama yake, na hiyo huisha taratibu, ndiyo maana wakachagua miezi tisa. Ya Mwendwa inaisha sasa, na macho mekundu yako chumba cha mwisho.

Basi sikiliza. Nenda kesho asubuhi, usingoje lori. Usiende kwa siri. Nenda mchana, kwa njia ya kawaida, umebeba mtoto mbele ya watu. Maingi akirudi, mwambie kabla hajavua viatu: nimempeleka, na Kavutha hakupata hii. Usimweleze zaidi. Akikasirika, mpe jina la kliniki akaulize mwenyewe, akamfokee sista akitaka, wale wanajua kufoka kuliko yeye. Na akikufukuza kweli, heri uende Machakos na mtoto mgongoni kuliko kubaki Umoja mkono mtupu. Ni neno gumu, nimelisema makusudi.

Sindano si hirizi. Huenda Mwendwa akapata joto kidogo baada yake, na mara chache mtoto aliyechanjwa hupata ukambi hata hivyo, ingawa kwa kawaida huwa mwepesi. Ukiona macho mekundu na joto, siku hiyo hiyo hospitali. Fungua dirisha, mwoshe, mpe maji, mpe titi mara kwa mara. Mwambie na huyo mama wa chumba cha mwisho maneno haya haya, leo, wala usimwachie Mama Teresiah akuwahi. Yeye mwambie kwa heshima, lakini mwambie, kwa kuwa wapangaji wake watamsikiliza yeye kabla yako na kabla yangu.

Na Lydiah, mpigie hodi asubuhi hiyo, mwambie akusindikize. Hakukimbii kwa chuki. Alimshikilia mtoto wako hadi mwisho na hajui kama bado anaruhusiwa kukusalimu. Anza wewe.

Mkifika, sista atakuuliza umezaa wangapi. Sema wawili. Atauliza walio hai, hapo useme mmoja, na usiharakishe, foleni itangoja. Halafu mkalishe Mwendwa vizuri pajani, umkunjie mkono wa shati. Atalia. Utampa titi, na kabla hamjafika lango la kliniki atakuwa amekwisha kusahau kwa nini alikuwa akilia.

Patrobas